Kasha na Kanuni za Mchezo wa Karata za Kuchekesha

Usiku mmoja wa likizo, nyumbani kwa dada yangu Tanga, baada ya isha kusaliwa na sinia kuondolewa, binti yake aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo alileta mkekani kasha la karata lenye picha ya mbuzi aliyevaa miwani, akatuambia kwamba huo ni mchezo wa kuchekesha na kwamba hatalala mtu mapema. Tulikuwa watu sita. Akafungua kijitabu cha kanuni, ambacho kilikuwa cha Kiingereza, akawa anasoma na kututafsiria. Na kwa kuwa kurasa tatu za mwanzo zilikuwa kisa cha mbuzi yule, na msichana ana kipaji cha kusoma, tulicheka kweli kweli kabla hata karata hazijagawiwa. Mchezo ukaenda uzuri kwa muda wa robo saa, mpaka fungu la karata za kuokota lilipokwisha ilhali hakuna aliyeshinda. Mmoja wa wavulana wa dada yangu alisema kwamba mchezo umekoma na mwenye karata chache ndiye mshindi, naye alikuwa amebakiwa na mbili. Ndugu yake akasema la, karata zilizotupwa zichanganywe zianze upya. Binti akarudi kwenye kijitabu, akafunua mbele na nyuma, kidole kikifuata mistari, akapita tena katika kisa cha mbuzi, mwishowe akaniinulia uso akasema, "Mjomba, hapa hapasemi."

Wavulana walikwenda kulala wamenuniana, na kasha likawekwa juu ya kabati. Mimi nilibaki na kile kijitabu mkononi, nikakisoma chote, na kweli hapakusema. Mtunzi alikuwa amepata nafasi ya kueleza mbuzi wake alinunua wapi miwani, hakupata nafasi ya mstari mmoja wa kutueleza la kufanya karata zikimalizika.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyetiwa mkononi mchezo wa namna hii akaombwa rai yake, ama kwa kuwa ni rafiki wa mtunzi, ama kwa kuwa ana duka na anataka kujua kama bidhaa hiyo inastahili nafasi katika rafu yake, ama kwa kuwa ni mzazi anayetaka kununua. Imani yangu ni kwamba mchezo wa kuchekesha unahitaji kijitabu makini kuliko mchezo wa kufikiri, na kasha la kweli kuliko bidhaa nyingi zinazouzwa kando yake. Mcheza bao akikwama hutulia, akashika kidevu, na watazamaji wakatulia pamoja naye, kwani kutulia kwenyewe ni sehemu ya mchezo; lakini kicheko kikikatizwa kwa muda wa kutafuta ukurasa, hakirudi pale kilipoachia. Kwa hiyo yeyote adhaniaye kwamba mchezo wa mzaha waweza kuandikiwa kanuni kwa mzaha amekosea tangu msingi, na kazi ya mpimaji ni kumwonyesha kosa hilo kabla fedha za kiwanda cha chapa hazijalipwa.

Anza kwa kukisoma kijitabu peke yako, bila kugusa karata, kisha kifunge ujaribu kusema kwa maneno yako mambo manne: mtu hushindaje, hufanya nini zamu yake ifikapo, mchezo hukoma lini, na ni lipi asiloruhusiwa kulifanya. Ukishindwa kusema mojawapo, andika pembeni, wala usijilaumu, maana mnunuzi hatakuwa na subira uliyo nayo wewe. Baadaye zitoe karata, ukisome tena kwa sauti, ukifanya kwa mkono kila linaloamriwa, neno kwa neno, hata pale akili yako inapokuambia kwamba mtunzi alikusudia jambo jingine. Palipoandikwa gawa karata tano, gawa tano. Na ikiwa haikuandikwa kwamba zichanganywe kwanza, usizichanganye. Hapo ndipo utagundua mambo ya ajabu, kwa kuwa mtunzi aliyeucheza mchezo wake mara mia hazioni tena zile hatua ndogo ambazo mkono wake huzifanya bila kuamriwa.

Lakini kipimo kilicho kikubwa kuliko hivyo vyote, nacho aghalabu hukwepwa kwa kuwa kinauma, ni kuwapa mchezo watu wasioujua, wakiwa na kasha na kijitabu tu, na mtunzi akae kando kimya. Nasisitiza kimya. Nimewahi kukaa na kijana mmoja aliyetunga mchezo mzuri wa karata kuhusu abiria wa daladala, wenye mizaha iliyonifanya nishike mbavu, tukawapa majirani zake wanne. Na kila mara jirani mmoja alipokunja uso, kijana alifumbua mdomo kueleza. Nilimwomba aweke kiganja mdomoni. Aliketi hivyo kwa dakika arubaini, macho yamemtoka, huku jirani mmoja akiicheza karata ya kondakta kinyume kabisa na alivyokusudia. Nilikuwa nimeandika maswali kumi na saba waliyoulizana wale watu, na kati ya hayo kumi na moja hayakuwa na jibu popote katika kijitabu. Kijana alihuzunika, nami nilimwambia lililo kweli, kwamba kijitabu kinaingia ndani ya kasha na yeye haingii.

Katika kuyapima maneno yenyewe, angalia kwanza kama jambo moja lina jina moja. Waandishi wetu tumefunzwa shuleni kwamba kurudia neno ni udhaifu, tukazoea kubadili: mara "tupa", mara "weka chini", mara "ondoa". Katika insha huo ni umahiri. Katika kanuni za mchezo ni mtego, maana msomaji atadhani kwamba kutupa ni jambo moja na kuondoa ni jambo jingine, na atakuwa na haki kudhani hivyo. Kadhalika pambanua "lazima" na "waweza", ambayo watunzi wengi huyachanganya kwa kuandika tu "mchezaji ataokota karata", bila kutujulisha kama ana hiari. Na ikiwa mchezo umeandikwa kwa Kiswahili, mtunzi asihangaike kubuni msamiati pale ambapo watu wa pwani wamekuwa na wao tangu zamani: kopa, uru, shupaza na pau, ree na turufu, ambayo mengi yake tuliyapata kwa Wareno na kuyafanya yetu hata hatukumbuki tena asili yake. Kuchanga karata, kugawa, kukata, kula. Maneno haya yako midomoni mwa watu barazani, nayo hayahitaji kuelezwa.

Sasa nije kwenye mzaha wenyewe, ambao ndio uliotuleta hapa. Sisemi kwamba kijitabu kiwe kikavu kama hati ya mahakama. Mchezo uitwao Munchkin, alioutunga Mmarekani Steve Jackson ukatolewa mwaka 2001 na kampuni yenye jina lake, na kuchorwa na John Kovalic, una karata 168 zilizojaa kejeli juu ya wale wachezao michezo ya mashujaa na mazimwi. Kila mmoja huanza katika daraja la 1, na wa kwanza kufika daraja la 10 ndiye mshindi. Kanuni zake zina mizaha kadhaa, nami nimeichunguza mahali ilipowekwa, nikaona kwamba haikuwekwa ovyo. Sentensi inayoeleza nani aanze imeandikwa kwa makusudi kana kwamba neno limeanguka, na wachezaji wanaambiwa watupe dadu kisha wabishane juu ya matokeo na juu ya maana ya sentensi hiyo hiyo. Mzaha huo umewekwa mahali ambapo kanuni inaweza kuubeba, maana nani anaanza si jambo la kuharibu mchezo, na hata watu wakibishana, ubishi huo unawaingiza katika tabia ya mchezo kabla haujaanza. Mahali pengine imeandikwa kwamba mambo yakigongana, watu wabishane kwa sauti kubwa, na mwenye mchezo ndiye awe na kauli ya mwisho. Msomaji anacheka, lakini atazame vizuri: amepewa kanuni iliyo kamili. Kuna njia ya kuamua, na kuna hakimu anayejulikana. Lau kijitabu cha mbuzi kingekuwa na mstari kama huo, binti, mwenye mchezo, angewaamua ndugu zake na mchezo ungeendelea.

Hicho basi ndicho kipimo cha mzaha katika kanuni. Ufute kwa kalamu ya risasi, kisha usome kilichobaki. Ikiwa kanuni imebaki nzima, mzaha ulikuwa pambo, nao waweza kurudishwa ikiwa ni mfupi. Ikiwa kanuni imetoweka pamoja nao, basi ama mzaha na kanuni ni kitu kimoja, kama katika Munchkin, ama kanuni ilikuwa imefichwa ndani ya kicheko na mtu wa pili kuisoma hataiona. Na kumbuka kwamba kijitabu husomwa mara moja kwa furaha na mara ishirini kwa haraka. Kisa kinachochekesha usiku wa kwanza huwa kizuizi usiku wa tatu, mtu anapotafuta jibu huku wenzake watano wanamngoja. Mimi hupima hivi: nachagua swali ambalo bila shaka litazuka, namwomba mwenzangu anitafutie jibu, nami nakunywa chai yangu; kikombe kikiisha kabla ya jibu kupatikana, kijitabu hakijapangika.

Kuna michezo ambayo imekimbia tatizo hili kwa kuzitia kanuni ndani ya karata zenyewe. Fluxx, mchezo wa Andrew Looney wa mwaka 1997, huanza na sharti moja dogo, yaani okota karata moja na ucheze karata moja, na mengine yote huja kadiri karata za kanuni mpya zinavyowekwa mezani. Ni njia nzuri, ila humtwika mpimaji kazi nyingine, kwa sababu sasa kila karata ni ukurasa wa kijitabu, na maandishi yake yapaswa kusomeka kwa taa ya sebuleni na kwa macho ya shangazi asiyependa kuvaa miwani.

Mahali michezo ya kuchekesha inapokwama mara nyingi ni katika karata za kukatiza, zile ambazo mtu huruhusiwa kuzitupa hata kama si zamu yake. Ndizo zinazoleta kicheko kikubwa na ndizo zinazoleta ugomvi. Katika mchezo wa Exploding Kittens, yaani paka wanaolipuka, kuna karata ya kukanusha, ambayo hubatilisha karata ya mwenzako, na kijitabu chake, ambacho ni kifupi, kinataja wazi kwamba yaweza kuchezwa wakati wowote, kwamba haina nguvu juu ya paka mwenye kulipuka wala juu ya karata ya kumtegua, na kwamba karata ya kukanusha yenyewe yaweza kukanushwa na nyingine. Mistari michache, na milango yote mitatu ya ugomvi imefungwa. Mtunzi yeyote mwenye karata za kukatiza na aulizwe maswali hayo hayo: lini, juu ya nini, na je, nayo hukatizwa?

Usidhani kwamba haya ni mambo madogo yasiyowastahili watu wazima. UNO, ambao hata huku kwetu unajulikana, uliasisiwa mwaka 1971 na Merle Robbins, kinyozi wa mji wa Reading katika jimbo la Ohio, na inasimuliwa kwamba aliutunga kwa sababu ya kubishana na mwanawe juu ya kanuni za mchezo mwingine wa karata. Hata hivyo, mwaka 2019, karibu miaka hamsini baadaye, wenye mchezo walipotamka hadharani kwamba karata ya kuokotesha nne haiwekwi juu ya nyingine ili kumrushia jirani adhabu, watu wengi waliukataa ushauri huo, kwa kuwa nyumbani kwao walikuwa wamecheza hivyo maisha yao yote. Lisilotamkwa kwa sauti ya kutosha kijitabuni, watu hulijaza wenyewe, na wakishalijaza ni lao.

Nimekaa sana kwenye kijitabu kwa kuwa ndiko uharibifu mwingi unakoanzia, lakini mnunuzi hukutana na kasha kwanza. Rafiki yangu mmoja ana duka la vitabu na vifaa vya shule Dar es Salaam, na katika rafu moja, karibu na madaftari, huweka michezo michache. Nilikuwa nimeketi pale siku moja nikimsubiri, akaingia mama mmoja na mtoto wa kiasi cha miaka minane. Mtoto alivutwa na kasha la rangi ya machungwa lenye uso unaocheka. Mama akalichukua, akalitazama mbele, akaligeuza, akasoma mgongo wake, akalipindua ubavuni, huko na huko, kisha akatazama tena mgongo, halafu akalirudisha polepole, akanunua kalamu. Alipotoka nililichukua kasha lile nione alichokuwa akikitafuta. Mgongoni palikuwa na sentensi nne za sifa, kila moja ikisema kwamba mchezo huu unachekesha. Hapakuwa na umri, wala idadi ya wachezaji, wala muda, wala karata hata moja iliyoonyeshwa. Kasha lilikuwa limefungwa kwa nailoni, hivyo hakuweza kulifungua ajue kama ndani mna mizaha ya watoto au ya walevi. Mama yule alifanya kwa busara.

Kasha ni ahadi inayotolewa kwa mtu asiyeweza kuihakiki mpaka amekwisha lipa, na kwa sababu hiyo lipime kwa insafu, si kwa uzuri wa rangi peke yake. Simama hatua tatu mbali, uone kama jina linasomeka na kama picha inakujulisha ni mzaha wa aina gani. Kisha lilaze kasha chini ya mengine, maana dukani hayasimamishwi yote uso mbele, uone kama ubavu wake una jina. Kisha ligeuze, utafute kwa sekunde kumi: wangapi, umri gani, muda gani, na mtu hufanya nini hasa zamu yake inapofika. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa mno. Kumwambia mtu kwamba atacheka ni kumwomba akuamini. Kumwonyesha karata mbili za kweli, kwa ukubwa unaosomeka, ni kumwachia acheke pale pale aliposimama, na aliyekwisha kucheka dukani hahitaji kuahidiwa. Ila karata hizo zisiwe ndizo tamu pekee zilizomo. Nimeona kasha lililoweka mgongoni mizaha yake mitatu mizuri, na ndani mengine yote yakawa makapi.

Juu ya mizaha isiyofaa kusikiwa na kila mtu, kasha liseme kweli bila haya. Cards Against Humanity, iliyotoka mwaka 2011, ina mizaha ambayo mimi nisingeisoma mbele ya mkwe wangu. Lakini kasha lake jeusi lenye herufi nyeupe halimdanganyi mtu, kwani linatamka usoni kwamba huo ni mchezo wa karamu wa watu wabaya, na umri uliowekwa ni miaka 17 na zaidi. Vivyo hivyo wale wa Exploding Kittens walizitenga karata za watu wazima katika kasha lake lenyewe, badala ya kuzitia kwa siri kati ya nyingine. Hapo mzazi ana hiari, na muuza duka ana usalama.

Mchezo huo huo wa paka ulipotafutiwa fedha kwa njia ya mtandao wa Kickstarter mwanzoni mwa mwaka 2015, watu 219,382 walichangia dola 8,782,571, na toleo la kwanza likatoka katika kasha ambalo hulia kama paka linapofunguliwa. Vijana wengi hunitajia kasha hilo kama hoja ya kutumia fedha nyingi katika madoido. Nami huwajibu kwamba mlio ule haukusaidia kuuza kasha hata moja kati ya hayo ya kwanza, kwa kuwa ulisikika baada ya kununuliwa. Ulikuwa ni hiba kwa mtu aliyekwisha kuamini, na chini yake palikuwa na karata 56 na kijitabu kinachoeleweka. Asiyekuwa na fedha za mlio asihuzunike. Asiyekuwa na mstari unaoeleza karata zikiisha, huyo ahuzunike.

Mtunzi anapoubeba mchezo kuupeleka kwa muuza duka, na apunguze pia ukubwa wa kasha. Karata mia moja za kawaida, zenye upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88, hukaa katika nafasi ndogo. Kasha kubwa lililojazwa hewa hula rafu ya muuzaji na humfanya mnunuzi ahisi, anapofika nyumbani, kwamba amelipia kadibodi.

Na wewe mpimaji, utakapotoa rai yako, usimwambie mtunzi kwamba mchezo ni mzuri au mbaya. Mpe ile karatasi ya maswali, yote, kwa utaratibu yalivyoulizwa, na ukurasa ambapo jibu lilitafutwa. Yule kijana wa daladala aliichukua yake, akarudi baada ya wiki tatu na kijitabu cha kurasa nne kilichokuwa kurasa kumi na moja, na majirani wengine wanne, ambao hawakuujua mchezo, walicheza usiku kucha wakiuliza mara mbili tu.

Lile kasha la mbuzi nalo lilishuka kabatini. Nilipokwenda Tanga mara ya pili nililikuta mkekani, pembe zake zimeanza kuchakaa kwa kushikwa, na nilipolifunua niliona ndani ya kifuniko kipande cha daftari kimebandikwa kwa gundi, na juu yake mwandiko wa binti ya dada yangu, kwa kalamu ya risasi: "Karata za kuokota zikiisha, chukua zilizotupwa, zichange, zigeuze, mwendelee."